Muulize Bibi Maktaba: Mlimani ni chuo cha nani?

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza habari za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo ambacho sisi tuliokaa pale tunakiita Mlimani tu. Nilianza kazi katika maktaba yake mwaka 1972, binti wa Rungwe niliyemaliza kidato cha nne, nikashuka kwenye basi la DMT na sanduku la bati kichwani. Nimestaafu hapo hapo. Basi leo barua za mirathi na za kuhifadhi picha za zamani zitanisubiri hadi toleo lijalo.

Shikamoo Bibi. Mwalimu wetu wa historia anasema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia kwenye jengo la chama, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Ni kweli? Na kwa nini sheria, si udaktari wala kilimo?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa*

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako kasema kweli. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja, wanafunzi 14. Majengo hakikuwa nayo. TANU ikatoa jengo lake pale Mnazi Mmoja, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, na vipindi vikaanza. Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Mkanada, Cranford Pratt.

Hapo kwenye jengo la chama nataka utulie kidogo, maana watu hupapita haraka. TANU ya miaka ile haikuwa na fedha za wafadhili. Ilikuwa na kadi na ada. Mama muuza maandazi wa Kariakoo alilipa ada, mpagazi wa bandarini alilipa, na mkulima wa kwetu milimani aliyekuwa hajawahi kuiona Dar es Salaam naye alilipa. Wanasheria wetu wa kwanza waliketi chini ya paa la watu hao. Kila nikisikia msomi anasema chuo kilijengwa na serikali, roho yangu inakataa. Serikali ilikuja, ndiyo, lakini ilikuta mlango umeshafunguliwa.

Kwa nini sheria? Kwa sababu Makerere ilikuwa tayari inafundisha udaktari, na Nairobi ilikuwa na uhandisi. Sheria haikufundishwa popote Afrika Mashariki. Aliyetaka kuwa wakili alipanda meli kwenda Uingereza, na safari hiyo kwa mtoto wa Mwafrika ilikuwa ndoto. Nchi ilikuwa inakwenda kujitawala na mawakili wake Waafrika wanahesabika kwa vidole. Nani angeandika sheria mpya? Nani angekaa kwenye kiti cha jaji? Ndipo Dar es Salaam ikapewa sheria. Mwanamke wa kwanza kusomea sheria pale, Julie Manning, aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Niliisoma habari hiyo gazetini nikiwa zamu, nikalipeleka gazeti kwenye meza ya wasichana wa mwaka wa kwanza, nikaliacha pale likiwa wazi.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji. Waingereza walikiita Observation Hill. Sisi tulisema Mlimani, na jina hilo ndilo lililobaki.

Bibi, nisaidie kumaliza ubishi hapa ofisini. Mimi nasema chuo kilianza 1961, mwenzangu anasema 1970. Tumewekeana soda.
*Karani, Tabora*

Gaweni soda. Chuo kilizaliwa 1961 chini ya London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Ushirika huo ulipovunjwa, kila mmoja akajenga kwake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake tarehe 1 Julai 1970 kwa Sheria ya Bunge Namba 12 ya mwaka huo. Mkuu wa chuo, kwa maana ya cheo cha heshima, akawa Mwalimu Nyerere mwenyewe, na Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa. Chuo chenyewe husherehekea kuzaliwa kwake kwa kuhesabu tangu 1961; jubilei ya miaka 50 ilifanywa 2011. Kwa hiyo kama mlikuwa mnabishania kuzaliwa, wewe umeshinda. Kama ni kujitegemea, mwenzako.

Bibi Maktaba, mimi ni mkulima wa mahindi. Kijana wangu yuko Mlimani mwaka wa kwanza. Amerudi likizo na fulana imeandikwa "Hekima ni Uhuru". Nimemuuliza maana yake akasema ni kauli mbiu ya chuo, basi. Nataka kujua chuo hiki kilianzishwa kwa dhamira gani, na sisi tuliobaki shambani kinatudai au tunakidai?
*Baba wa watoto sita, Njombe*

Mzee mwenzangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mnakidai. Na hilo si maneno yangu.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano aliopenda kuwapa wasomi. Alisema msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula kingine. Akikila kile chakula asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo aliutoa miaka ya sitini, wakati nchi nzima ilikuwa ikitoa jasho ili vijana wachache wasome. Hapo ndipo ilipo dhamira ya chuo. Mengine yote ni maelezo.

Deni hilo lilitikiswa mapema. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Walikuwa wanapinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo ilitaka mhitimu atumikie miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilisema heri wakati wa ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Wanafunzi 393 walirudishwa makwao siku ile ile, na yeye akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wazee niliowakuta maktaba walikuwa wakinihadithia namna viti vya chumba cha kusomea vilivyobaki vitupu kesho yake, vitabu vimefunuliwa juu ya meza na hakuna wa kuvifunga. Wengi walisamehewa na kurudi mwaka uliofuata, lakini chuo hakikuwa kile tena. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi ukaitishwa mkutano Mlimani kujadili kazi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Humo ndimo yalimochipua masomo ya maendeleo, yale ambayo kila mwanafunzi, awe wa uhandisi awe wa fasihi, alilazimika kuyasoma. Kijana wako akikwambia anasoma DS, ndiyo hayo.

Kisha likaja Azimio la Musoma, 1974. Mtu amalize kidato cha sita, aende jeshini, afanye kazi, apate barua ya mwajiri na ya tawi la chama, ndipo aombe chuo. Wako wanaoulaumu utaratibu ule, na sababu wanazo, maana hesabu inasahaulika ukikaa bila kuigusa. Mimi niliyekuwa nyuma ya kaunta niliona kitu kingine. Wanafunzi walianza kuja watu wazima. Mmoja alikuwa bwana shamba Singida, akaja kuazima kitabu cha udongo, akanieleza udongo wenyewe kabla sijakitafuta. Maswali yao yalikuwa na matope.

Sasa nikusimulie jambo nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu linajibu swali lako kuliko maazimio yote.

Siku moja ya mahafali, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mzee mmoja aliingia maktaba. Koti zito la baridi, la kwetu nyanda za juu, na Dar es Salaam siku ile ilikuwa inachemka. Akanisalimu kwa heshima, akasema mwanawe ameandika kitabu na kitabu kiko humu, anaomba akione. Nikajua ni tasnifu. Nikamuuliza jina la mwanawe, nikaenda kwenye makasha ya kadi, nikavuta droo, nikaipata kadi, nikaenda kuileta. Jalada gumu jekundu, herufi za dhahabu mgongoni. Mzee akafuta viganja kwenye koti kabla ya kuipokea. Akaifungua katikati, akaichungulia, akainusa.

"Imeandikwa nini humu, binti yangu?"

Ilikuwa Kiingereza kitupu. Nikasoma kichwa cha habari: ilikuwa inahusu kahawa ya wakulima wadogo katika wilaya yao. Nikamfasiria. Akashangaa. Akauliza kama kijiji chao kimetajwa. Nikatafuta, nikakiona kwenye ramani iliyochorwa kwa mkono ukurasa wa nyuma, nukta ndogo na jina pembeni. Akaweka kidole pale, akakaa kimya. Kisha nikamsomea jedwali la mavuno, nikiligeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Nilipofika mwaka mmoja akanizuia.

"Hapo si kweli. Mwaka ule tuliuza kidogo kwa sababu lori la ushirika halikufika, siyo kwa ugonjwa wa mibuni. Mbona hawakuniuliza?"

Kisha akauliza kama nakala nyingine iko kijijini. Haikuwapo. Aliirudisha juu ya kaunta kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kumtafuta mwanawe kwenye mahafali.

Baba wa Njombe, hiyo "Hekima ni Uhuru" maana yake ni kwamba mtu anayejua hawezi kutawaliwa kirahisi. Lakini hekima iliyofungwa kwenye jalada jekundu ambalo mwenye kahawa hawezi kulisoma bado haijamfanya huyo mwenye kahawa kuwa huru. Chuo kimetoa majaji, wahandisi, walimu wa sekondari kila wilaya, na hayo ni malipo makubwa, siyafichi. Bado kuna salio. Muulize kijana wako, kwa upendo, atakurudishia nini.

Habari Bi Mkubwa. Sisi huku Mombasa twasikia chuo cha Dar ndicho kilichotengeneza Kiswahili Sanifu. Lakini mpwa wangu anayesoma huko ananiambia darasani wafundishwa kwa Kiingereza. Hebu tufafanulie.
*Mama wa Kisauni, Mombasa*

Njema dada yangu, na salamu kwa wote wa Kisauni. Kiswahili Sanifu ni kikubwa kuliko chuo kwa umri. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa 1930. Makao yake yalihamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere tangu 1952, kisha 1962 ikaja huko huko kwenu Mombasa kwa kipindi kifupi, ndipo ikarudi Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikaingizwa chuoni na kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, baadaye Taasisi, TUKI. Idara ya Kiswahili nayo ikaanzishwa 1970. Mwaka 2009 zikaunganishwa zikawa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Kazi ya TUKI nilikuwa naiona ikipita mbele yangu. Watafiti walikuja maktaba na vikaratasi vidogo, kila kimoja neno moja, kwa kalamu ya risasi, na mfano wa sentensi chini yake. Walifunua magazeti ya zamani, diwani, vitabu vya wavuvi na wa mafundi. Nakumbuka mmoja aliyezunguka siku nzima akitafuta ushahidi wa jina la sehemu moja ya jahazi, mwisho nikamwambia aende Kunduchi akawaulize wenye majahazi. Akaenda. Mwaka 1981 Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka, Kiswahili kwa Kiswahili, maneno yetu yakielezwa kwa maneno yetu. Nakala ya kwanza ilipofika kwenye meza yangu sikuigonga muhuri mara moja. Niliipeleka nyumbani kwa usiku mmoja, jambo ambalo halikuruhusiwa, nikairudisha asubuhi.

Mpwa wako kasema kweli. Ukiacha wanaosoma Kiswahili chenyewe, ambao hufundishwa na kuandika tasnifu zao kwa Kiswahili, wengine wote husoma kwa Kiingereza. Wakubwa wanazo sababu: vitabu, vyuo vya nje, ajira. Mimi namkumbuka mzee wa koti zito. Kama TATAKI wanaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu sintaksia kwa Kiswahili, basi bwana shamba anaweza kuandika walau kurasa kumi kuhusu mibuni.

Bibi, eti Museveni alisoma hapo? Na Walter Rodney alifundisha kweli?
*Kijana wa bodaboda, Mwanza*

Kweli yote mawili. Yoweri Museveni alisoma Mlimani 1967 hadi 1970, na alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, USARF, kilichopigwa marufuku mwaka 1970. Jakaya Kikwete alihitimu uchumi 1975. John Magufuli alisoma pale kemia na hisabati, akarudi hadi akapata udaktari wa falsafa 2009. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria pale pale.

Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha mara mbili, mwishoni mwa miaka ya sitini na tena hadi 1974. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, mwaka wangu wa kwanza kazini, na nakala zetu hazikupumzika rafuni. Tuliweka orodha ya kusubiri kwenye daftari la mistari. Kurasa za kwanza zililegea tukazishona upya kwa uzi wa katani. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa makao ya FRELIMO na vyama vingine vya ukombozi, kwa hiyo mtu aliyeketi karibu yako chumba cha kusomea angeweza kuwa anajiandaa kwa mtihani, au anajiandaa kurudi msituni. Hatukuuliza. Rodney aliuawa kwao Georgetown kwa bomu tarehe 13 Juni 1980. Siku habari ilipofika, mtu aliweka ua moja juu ya kaunta, na hakuna aliyeliondoa mpaka liliponyauka.

Naomba kujua jengo lililo kwenye noti ya shilingi mia tano.
*Mkusanya noti, Tanga*

Ni Ukumbi wa Nkrumah, hapo hapo Mlimani, lile jengo lenye paa lililonyanyuka kama mbawa. Noti zako zitunze mbali na unyevu, siku hizi mia tano unayopokea dukani ni sarafu.

Bibi, ni kweli Sokoine na Muhimbili ni watoto wa Mlimani?
*Msomaji, Morogoro*

Ndiyo. Kitivo cha kilimo kilichokuwa kwenu Morogoro ndicho kilichogeuka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Muhimbili na Ardhi zilijitegemea 2007. Chang'ombe na Mkwawa, vyuo vya ualimu vilivyoingizwa 2005, bado viko nyumbani kwa mama.

Shikamoo Bibi. Nimechaguliwa Mlimani, nitakuwa wa kwanza katika ukoo wetu. Naogopa. Nifanye nini nikifika?
*Binti wa Kigoma*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Hofu hiyo niliibeba na mimi, na sanduku la bati juu yake.

Wiki ya kwanza usijifungie chumbani. Jua linapokaribia kutua, zunguka kilima mpaka upate mahali pa kuiona bahari. Tumbili utawakuta, usiwape chakula, wataingia mpaka dirishani. Fedha ya kujikimu, hilo bumu mnaloliita, ikiingia lipa kwanza vitu vya lazima, maana wiki mbili za mwisho ni ndefu. Kisha nenda maktaba mpya ile iliyofunguliwa 2018, jengo kubwa lililojengwa kwa msaada wa China, ina nafasi hata ya kupotea. Usione haya kumuuliza mhudumu. Hakuna mkutubi anayekereka na swali, tunakereka na kitabu kilichorudishwa rafu siyo yake. Uliza pia ulipo mkusanyiko wa Afrika Mashariki, na utafute kilichowahi kuandikwa kuhusu wilaya yako. Utashangaa.

Na mwaka wa mwisho utakapoandika utafiti wako, ukienda kuwauliza watu wa kwenu habari za dagaa au michikichi, waandikie muhtasari kwa Kiswahili, kurasa tano zinatosha, upeleke ofisi ya kijiji. Waache waukosoe. Uupeleke umefungwa jalada gumu, na uwaambie wauweke rafu ya juu, mbali na ukuta. Ukiegemezwa ukutani, mchwa hawatauacha ufikishe masika mawili.